Bustani na Jiko: Embe la Mwisho Kabla ya Masika



Wasomaji wapenzi, akina mama na akina dada, pamoja nanyi akina baba mnaousoma ukurasa huu kwa chati baada ya chakula cha usiku, juma lililopita niliahidi kuwaandikia habari za kazi zinazotukabili huku bara baina ya mwisho wa maembe na mwanzo wa masika. Ahadi ni deni, nami leo nalilipa, ingawa deni lenyewe limekuja na jambo ambalo sikulitazamia nilipoahidi.

Kwa wale waliojiunga nasi karibuni, niwakumbushe kwamba naandika kutoka Majengo ya Embu, chini ya Mlima Kenya. Karibu kila mji wa bara una Majengo yake: Nairobi, Nyeri, Meru na hapa kwetu. Ni mitaa iliyokaliwa tangu enzi za ukoloni na Waislamu waliofuata njia za biashara na kazi, wakachanganya damu na wenyeji, wakabaki na msikiti, Kiswahili, pilau, na mti mmoja au miwili ya matunda nyuma ya nyumba. Viwanja ni vidogo na nyumba zimesongamana. Hata hivyo utaona mpapai umechungulia juu ya bati, mkarakara umetambaa ukutani, na mparachichi umewapa kivuli watoto wa madrasa.

Siku hizi miembe inamaliza. Maembe ya tambarare za Mbeere yamejaa sokoni kwa magunia, na bei yake imeshuka hata muuzaji anaona heri agawe kuliko kurudi nayo. Nyuani mwetu huku juu, ambako baridi huyachelewesha, ya mwisho ndiyo kwanza yanaanguka. Mvua ya masika twaitarajia katikati ya Machi, na Ramadhani yabisha hodi. Kwa hiyo kazi ni mbili kwa wakati mmoja: kuitengeneza ardhi kwa mvua ijayo, na kuyaokoa matunda ya mvua iliyopita.

Sisi si chama. Hatuna mwenyekiti wala daftari. Ni wanawake saba tunaokutana kila Jumamosi baada ya Alasiri uani kwa mmoja wetu. Huyu huja na samadi ya mbuzi, yule na miche ya sukumawiki, mwingine hana kitu ila mikono na hadithi. Mkubwa wetu ni bibi mmoja mjane, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye mwembe wake wa ngowe ndio mkongwe kuliko yote mtaani. Marehemu mamake aliuotesha kwa kokwa iliyotoka Lamu, ikafungwa katika kitambaa kibichi na kusafirishwa kwa gari moshi na kwa lori. Maembe yake ni marefu, yenye ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku, na nyama yake haina nyuzi. Mimi niliyezaliwa pwani, nilipoletwa huku bi arusi, embe la mti ule ndilo lililonituliza machozi.

Mwezi wa Desemba bibi alituambia kwamba mti ule utakatwa baada ya Idi. Mwanawe ana watoto watatu shuleni na karo imemlemea. Kiwanja hakina nafasi nyingine ya kujenga vyumba viwili vya kupangisha isipokuwa pale uliposimama mwembe. Nakiri mbele yenu kwamba nilikasirika. Nilimwendea peke yangu jioni, nikamshauri akatae, nikamwambia nyumba ni yake na neno lake ndilo la mwisho. Alinisikiliza mpaka nikaisha, kisha akasema: "Mwanangu, mti ni wa Mungu na watoto ni wa Mungu. Ila mti haulii njaa." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Nataka mambo mawili tu. Mbegu isipotee, na mwaka huu embe hata moja lisiozee chini."

Nilirudi nyumbani nimeona haya, maana nilikwenda kuutetea mti nikamsahau mwenye mti. Tangu siku hiyo kazi yetu ya Jumamosi ikawa hayo mambo mawili.

La kwanza, mbegu. Kokwa ya embe si ya kuaminika kila mara. Waweza kupanda tamu ukavuna kali. Njia ya uhakika ni kubebesha, yaani kuunga kikonyo cha mti unaoutaka juu ya shina la mche mwingine. Tulikuwa na miche kumi na miwili ya kokwa za kawaida katika mifuko ya plastiki, yenye umri wa karibu mwaka na unene wa penseli. Tulichagua juu ya mwembe wa bibi ncha za matawi zilizokomaa, zisizo na maua wala matunda, tukazipunguza majani tukiziacha mtini siku kumi hivi ili macho yavimbe. Kisha tukazikata urefu wa kidole, tukazichonga kama kabari, tukapasua shina la mche lililokatwa, tukachomeka kabari ndani na kufunga kwa utepe wa nailoni, ngozi ya kikonyo ikikutana na ngozi ya mche walau upande mmoja. Hapo ndipo siri ilipo, kwani mti huungana kwa ngozi yake ya ndani, si kwa moyo wake. Kisu kiwe kikali na kisafi, na vidole visiguse palipokatwa. Miche ikafunikwa mifuko ya plastiki na kuwekwa kivulini.

Wiki nne zimepita. Minane imechipua, minne imekufa. Kwa mikono isiyozoea, twamshukuru Mungu. Mwembe wa kubebesha huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, mapema kuliko wa kokwa, na waweza kudumishwa mfupi kwa kupogolewa, jambo linalofaa viwanja vyetu.

Wenye miti inayobaki, hizi ndizo kazi zenu za majuma haya. Mti ukishavunwa, upogoeni. Ondoeni matawi makavu, yanayosuguana, na machipukizi yanayopanda wima katikati bila kuzaa, ili mwanga na hewa vipite. Msikate zaidi ya robo ya mti kwa mwaka mmoja. Chimbeni mfereji usio na kina chini ya ukingo wa matawi, kwani mizizi inayokula iko huko na si karibu na shina, mtie madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza vizuri, kisha mfunike kwa matandazo ya majani makavu. Matandazo yakae shubiri moja mbali na shina, yasiliozeshe. Wenye kupanda miche mipya wachimbe mashimo sasa, futi mbili kwa futi mbili, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi na kurudishwa, na mche upandwe mvua ikishalowesha ardhi, si kwa manyunyu ya siku ya kwanza.

Kazi kubwa kuliko zote, nayo hupuuzwa, ni kuokota maembe yaliyoanguka. Yupo nzi wa matunda kutoka Asia aliyegunduliwa hapa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, huko huko pwani kwetu. Jike hulitoboa embe likiwa mtini na kutaga mayai ndani. Embe huonekana zima kwa nje, ukilipasua wakuta mabuu. Nzi huyu amewatia hasara wakulima hata mwaka 2014 Kenya ikasimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya, na biashara hiyo haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2021. Embe bovu likiachwa chini, mabuu huingia udongoni, na baada ya siku chache huibuka nzi wapya. Kwa hiyo msiyatupe jaani wala kwenye lundo la mboji. Yafukieni futi mbili kwenda chini, au yafungeni katika mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani siku kadhaa mpaka joto liwaue. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, iliyoko Kasarani, Nairobi, waliofanya kazi na wakulima wa Embu, wameeneza pia hema dogo la wavu: maembe mabovu hutiwa ndani, nzi hawawezi kutoka, lakini nyigu wadogo wanaowashambulia mabuu hupenya na kurudi shambani kuendelea na kazi. Na kumbukeni kwamba uani kwako ukiwa msafi na kwa jirani kukiwa kuchafu, hujafanya kitu. Ndiyo maana sisi huokota uani kwa wote saba.

Sasa niingie jikoni, na nianze kwa aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili huku nilipika jamu ya embe kama alivyonifundisha shangazi yangu Mombasa, nikijaza chupa ishirini, nikazigawa mtaani mwanzoni mwa Ramadhani. Nilikuwa nimepunguza sukari ili ienee, na chupa nilizichemsha kwa dakika zile zile za Mombasa. Wiki ya tatu chupa zikaanza kutoa povu. Watu kadhaa walizimwaga kimya kimya wakaendelea kunishukuru. Ni bibi huyu peke yake aliyekuja kwangu baada ya Tarawehe, akaufunga mlango nyuma yake, akaniambia ukweli. Kisha akaketi na kunieleza kosa. Sijasahau kwamba aliufunga mlango kwanza.

Kosa lenyewe ni hili, na wengi wa bara wanaosoma mapishi ya pwani hulifanya. Mombasa iko usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 100. Embu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Hapa maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 au 96 tu, na Meru, iliyo juu zaidi, mapema kuliko hapa. Maji yetu yanachemka kwa kishindo, lakini hayana moto wa maji yenu. Kwa hiyo dakika za kuua vijidudu lazima ziongezwe. Chupa tupu ambazo pwani huchemshwa dakika 10, sisi twazichemsha 15. Chupa ndogo za jamu zilizojazwa na kufungwa, ambazo pwani zatosheka na dakika 5 ndani ya maji yanayochemka, sisi twaziacha 10. Kwa upande mwingine, wenye kipimajoto wajue kwamba jamu huwa tayari ikizidi kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 4 au 5. Huko kwenu ni karibu 105. Hapa kwetu ni karibu 100. Ukingoja 105 huku juu, utapata halua ngumu, si jamu.

Mapishi yetu ni haya. Kwa kila kilo moja ya nyama ya embe iliyopondwa, tia sukari robo tatu kilo hadi kilo nzima, na maji ya ndimu mbili kubwa. Ndimu si ya ladha tu. Uchachu wake huwazuia vijidudu na kusaidia jamu kugandamana. Maganda na kokwa za ndimu zifunge katika kitambaa cheupe na kukichemsha humo humo, maana zina nguvu ya asili ya kugandisha. Hivyo hutahitaji unga wa jeli wa dukani, ambao mara nyingine hutokana na wanyama tusiojua walivyochinjwa. Pika kwa moto wa wastani huku ukikoroga kwa mwiko mrefu, kwani embe hurusha matone yanayounguza. Dondosha kidogo juu ya kisahani kilichopoa. Ukisukuma kwa kidole na ngozi yake ikajikunja, epua. Jaza ingali moto katika chupa zingali moto, acha nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa, funga, kisha uzichemshe dakika nilizozitaja. Sukari msiipunguze kwa ubahili, kwani ndiyo mlinzi. Na msiyafanyie papai mbivu wala ndizi hivi bila kuongeza ndimu ya kutosha, kwa kuwa uchachu wake ni mdogo na hatari yake ni kubwa.

Maembe mabichi yaliyopukutika kwa upepo tumeyafanya achari. Kilo mbili za vipande na maganda yake, gramu 200 za chumvi na bizari ya manjano kijiko kimoja, hulala usiku kucha. Asubuhi huchujwa na kuanikwa juani siku moja au mbili mpaka vikunjamane. Kisha huchanganywa na haradali na uwatu vilivyokaangwa bila mafuta na kutwangwa, na pilipili kavu, halafu humiminiwa mafuta yaliyochemshwa na kupoa mpaka yafunike juu. Chupa iwe kavu kabisa na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu. Ukungu huanzia kwenye tone moja la maji.

Yaliyoiva lakini bado magumu tumeyakausha. Hukatwa vipande vyembamba, unene wa nusu sentimita, yakachovywa dakika 10 katika maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji safi sawa kwa sawa ili yasigeuke rangi. Huanikwa juu ya chekeche iliyoinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa bafta, na kuingizwa ndani kabla ya Maghribi kwa sababu ya umande. Jua la Februari lenye upepo huyamaliza kwa siku mbili au tatu. Yawe kama ngozi laini, yasinate. Yatie katika chupa bila kuyashindilia, uitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona unyevu kwenye kioo, rudi juani. Kilo kumi za maembe pamoja na maganda na kokwa huacha kilo moja hivi, lakini kilo hiyo hungoja hata miezi sita mahali pakavu na penye giza.

Neno moja la dini, kwa kuwa huulizwa mara nyingi. Juisi ya matunda iliyokaa siku nyingi, ikaanza kutoa povu bila moto na kunukia uchachu wa ulevi, imwagwe, hata kama imegharimu sukari kilo nzima. Asisemwe mtu kwamba ni kidogo tu. Kinachohifadhiwa nyumbani mwa Muislamu kihifadhiwe na uhalali wake. Pikeni juisi kidogo kidogo ya futari ya siku hiyo, na matunda yabakie katika umbo la jamu, achari na makavu.

Mwembe wa bibi umetupa maembe mia tatu na kitu. Kabla ya kisu kugusa chochote, bibi alitenga fungu la watoto wa madrasa, fungu la wajane wawili wa mtaa wa nyuma, na fungu la fundi atakayekuja kuukata, "asije akaukata hajauonja." Alitukumbusha pia mafundisho tuliyoyapata utotoni, kwamba aupandaye mti akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Akahesabu kwa vidole watu, ndege na popo waliokula katika mti wa mamake, akachoka kuhesabu, akacheka.

Yaliyobaki yamekuwa chupa arobaini na moja za jamu, kumi na saba za achari, na makopo matano ya makavu. Tumeandika tarehe juu ya kila kifuniko. Matano yaliyooza tumeyafukia, na nilimwambia bibi kwamba hayakuozea chini, yameozea chini ya chini. Alinisamehe.

Ile miche minane ina wenyewe. Sita imekwenda kwa sisi sita, wa saba umepelekwa uani msikitini. Wa nane mwanawe bibi aliuomba mwenyewe. Alikuja Jumamosi iliyopita, akasimama mlangoni bila kuingia kwa heshima ya wanawake, akauliza kama mche mmoja waweza kuishi kwenye pembe ya kiwanja, kati ya choo kipya na ukuta, mahali penye jua la asubuhi tu. Mimi nilitaka kusema hapafai. Bibi akanitazama. Nikamwambia, "Ingiza shimo futi mbili, mwanangu, utie debe la samadi, na ungoje mvua ishike." Ameshachimba.

Wahenga walisema akiba haiozi. Embe huoza, nanyi mwajua. Ila lililopitia mikononi mwa majirani hukawia kuoza. Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia kunde na mchicha wa mvua ya kwanza. Mwenye mti aliye nao mwembe ukimaliza, na aokote yaliyo chini leo, asingoje kesho.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.